MKOPO UNAOLIPWA NA MWILI
Somo juu ya vileo na dawa za kulevya, kwa ajili ya familia na vikundi vya nyumbani

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Mwanzo 9:18-23, Mithali 23:29-35, 1 Wafalme 19:1-8, 1 Wakorintho 6:12 na 19-20.

Lengo la somo: Kuelewa vitu hivi vinafanya nini ndani ya mwili, ili tujue namna ya kumwombea na kumsaidia ndugu aliyenaswa bila kumwongezea hatari.



Akina mama wa maombi pamoja na wazee wa kanisa waliomba toleo hili lizungumze juu ya pombe na dawa za kulevya. Hatuna haja ya mtu kuja kutuambia kwamba tatizo lipo hapa makazini. Tunaliona siku ya mgao, pale mahindi na mafuta yanapogeuka waragi kabla ya jua kuzama. Tunaliona kwa vijana waliomaliza shule na hawana kazi. Tunalisikia usiku kupitia kuta za udongo za jirani.

Mahubiri ya kusema ulevi ni dhambi tumeyasikia mengi, nayo ni ya kweli. Leo tuulize swali jingine. Ndugu amelia mbele ya kanisa Jumapili, ametubu kwa machozi, na Jumatano yuko tena kwa mwenye kanyanga. Je, alitudanganya? Wengi husema ndiyo, alidanganya, au ana pepo lisilotaka kutoka. Kabla hatujahukumu, tuangalie kwanza ni nini kinachotokea ndani ya mwili huo ambao Paulo anauita hekalu.

NUHU, MTU ALIYEOKOKA GHARIKA

Mlevi wa kwanza katika Biblia hakuwa mtu wa ovyo. Alikuwa Nuhu, mtu wa haki. Alipona gharika yeye na nyumba yake, lakini majirani wote, vijiji vyote na dunia yote aliyoijua vilikwisha. Alishuka mahali pageni, akalima, akapanda mzabibu, akanywa, akalala uchi hemani.

Maandiko hayatuambii kwa nini alikunywa kiasi kile. Lakini sisi tuliovuka mpaka usiku, tukiacha nyumba na makaburi nyuma yetu, tunaweza kumsoma Nuhu polepole kuliko wengine. Mtu anaweza kuokoka maji na bado akazama katika kikombe. Angalieni pia wana wake. Hamu aliona akaenda kutangaza nje. Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakatembea kinyumenyume, wakamfunika baba yao. Tutawarudia watoto hawa wawili mwishoni mwa somo.

1. WAJUMBE NDANI YA UBONGO

Ubongo wa mtu una seli za neva karibu bilioni 86. Seli hizi hazigusani kabisa. Kati ya moja na nyingine kuna nafasi ndogo sana. Habari inavuka nafasi hiyo kwa kubebwa na wajumbe, yaani kemikali ambazo mwili wenyewe unazitengeneza. Mjumbe akifika ng'ambo anakuta kufuli lake. Yeye ni ufunguo. Akiingia katika kufuli, mlango unafunguka na ujumbe unapita.

Tuwataje wajumbe wanne tu.

Dopamini ndiye anayesema, "Jambo hili ni jema, lirudie." Anatoka unapokula ukiwa na njaa, mtoto anapokukumbatia, na kazi yako inaposifiwa.

Endofini hutuliza maumivu. Ndiye anayemwezesha mtu aliyejeruhiwa kukimbia kilomita nyingi kabla hajasikia uchungu wa kidonda.

GABA ni breki. Anapunguza mwendo wa ubongo ili mtu atulie na alale.

Glutamati ni kinyume chake. Yeye ndiye anayetia moto, ili mtu aamke, akumbuke na ajifunze.

Mungu aliwapanga kwa kipimo. Bodaboda yenye breki bila mafuta haiendi, na yenye mafuta bila breki inaua.

Sasa, dawa ya kulevya ni nini? Ni ufunguo wa bandia. Mwaka 1973 wataalamu waligundua kwamba ndani ya ubongo mna makufuli yanayopokea afyuni. Wakashangaa: kwa nini mwili wa binadamu uwe na kufuli kwa ajili ya utomvu wa ua la shambani? Jibu lilipatikana mwaka 1975 mjini Aberdeen, Scotland, ambapo John Hughes na Hans Kosterlitz waligundua kwamba mwili unatengeneza vitu vyake wenyewe vinavyofanya kazi kama afyuni. Basi kufuli halikuwekwa kwa ajili ya afyuni. Liliwekwa kwa ajili ya mwenye nyumba. Mwizi amefika na ufunguo unaofanana.

2. MKOPO NA KADI YA MGAO

Sote tunaijua biashara hii. Baba amebanwa, anakwenda kwa mwenye duka, anaacha kadi ya mgao rehani na kupewa fedha. Siku hiyo nyumbani kuna nyama. Mwezi ukifika, mgao unakwenda moja kwa moja dukani, na nyumba inabaki na njaa. Anakopa tena ili aondoe njaa iliyoletwa na mkopo wa kwanza. Safari hii anapewa kidogo na kudaiwa zaidi.

Dawa za kulevya hufanya hivyo hivyo. Furaha au utulivu anaoupata mtu haukuwa ndani ya chupa. Umetolewa katika ghala la mwili wake, mwingi kwa mara moja. Mwili, ambao Mungu ameupa hekima ya kutafuta usawa, unaona wajumbe wamezidi. Unapunguza idadi ya makufuli, unapunguza kutengeneza wajumbe wake, na kuongeza nguvu za upande wa pili ili kusawazisha.

Matokeo ni matatu. La kwanza, kiasi kile kile hakimtoshi tena, anahitaji zaidi. La pili, furaha za kawaida zinafifia; chakula, wimbo wa kwaya na kicheko cha mtoto havimgusi. Mama anasema, "Hatupendi tena." Mara nyingi makufuli ya furaha ndiyo yamepungua. La tatu, akikosa kitu chake, mwili unadai deni: kutetemeka, jasho, maumivu, hofu, kukosa usingizi. Vijana wa pwani ya Kenya na Tanzania huita hali hiyo arosto.

Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, Kanada, James Olds na Peter Milner walimwekea panya waya mwembamba katika sehemu ya ubongo inayohusika na raha, na kitufe cha kujisisimua mwenyewe. Panya alikibonyeza mamia ya mara kwa saa moja. Majaribio yaliyofuata yalionyesha panya wakiacha hata chakula kwa ajili ya kitufe hicho. Panya hao hawakuwa wamepungukiwa akili. Mahali panaposema "rudia" palikuwa pameshikwa.

Sasa tunaweza kumjibu yule aliyeuliza juu ya ndugu wa Jumapili. Toba yake ilikuwa ya kweli, na deni la mwili wake pia lilikuwa la kweli. Jumapili alizungumza moyo. Jumatano mwili ulikuja kudai.

3. VITU VYENYEWE, KIMOJA KIMOJA

(a) Pombe: bia, kasiksi, waragi, kanyanga, lutuku

Majina ni mengi na kitu ni kile kile: ethanoli. Inaongeza nguvu ya breki, GABA, na kuzuia glutamati. Someni tena Mithali 23 mkiwa na maarifa haya. Mwandishi anataja macho mekundu: pombe hupanua mishipa midogo ya damu. Anataja jeraha lisilo na sababu: breki imeshika sehemu ya ubongo inayopima hatari na kuzuia hasira. Anamfananisha mlevi na mtu aliyelala katikati ya bahari: sehemu ya nyuma ya ubongo inayolinda usawa wa mwili imelegea. Anasema mlevi amepigwa asisikie. Mwisho anaamka na kusema atatafuta tena. Dalili zote zimo, hata utumwa.

Ini ndilo linalosafisha pombe, na lina mwendo wake, kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20, basi ini linahitaji saa mbili hadi tatu. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku pombe ya viroba mwaka 2017, na Uganda ilifuata mwaka 2019. Lakini chupa ndogo ya mililita 200 yenye asilimia 40 ina zaidi ya gramu 60 za ethanoli. Hiyo ni kazi ya usiku mzima. Kahawa, maji baridi na mchuzi wa pilipili haviliharakishi ini.

Wako wanaosema, "Mchungaji, mimi nakunywa ili nilale. Nikifumba macho naona yale ya nyumbani." Nawasikia, wala siwacheki. Lakini jueni namna inavyofanya kazi. Pombe huleta usingizi haraka na kuzuia ndoto katika nusu ya kwanza ya usiku. Ini likishaisafisha, ndoto zilizozuiwa zinarudi kwa nguvu karibu na alfajiri. Mtu anaamka saa tisa usiku akitoka jasho, ameona vita upya. Kesho anaongeza kikombe. Amekopa usingizi wa saa nne na kulipa kwa ndoto mbaya za mwezi mzima.

Mama mjamzito asinywe hata kidogo. Pombe hupita katika kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na inaweza kuharibu ubongo wake moja kwa moja.

Kuna hatari nyingine katika pombe kali ya kuchanganya. Wauzaji wengine huongeza spiriti ya viwandani yenye methanoli. Ini linaigeuza methanoli kuwa asidi inayoua neva ya jicho. Mililita 10 zinaweza kupofusha, na mililita 30 zinaweza kuua. Mwezi wa Novemba mwaka 2000 pombe ya namna hiyo iliua zaidi ya watu 100 mjini Nairobi, na wengine wakapofuka. Mwaka 2010 makumi ya watu walikufa kwa waragi wenye methanoli kusini-magharibi mwa Uganda. Kuiwasha kwa kiberiti si kipimo, kwa sababu methanoli nayo inawaka. Dalili huweza kuchelewa saa 12 hadi 24: kichwa kuuma sana, tumbo kuuma, kutapika, kuona ukungu, kupumua haraka. Mtu wa namna hiyo asiachwe alale "pombe imtoke." Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

(b) Tumbaku

Nikotini ya sigara hufika katika ubongo kwa muda wa kama sekunde 10. Inafungua makufuli yanayomwaga dopamini. Baada ya kama saa mbili nusu yake imekwisha katika damu, na mvutaji anaanza kuwa na wasiwasi. Anavuta nyingine na kusema sigara inamtuliza. Kumbe inamtuliza wasiwasi ambao sigara iliyotangulia ilimletea. Moshi ndio unaoharibu zaidi mapafu, moyo na mishipa. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Habari njema ni kwamba dai la nikotini huwa kali zaidi siku tatu za kwanza, kisha hupungua kwa muda wa wiki tatu au nne. Anayejua hesabu hiyo anaweza kuvumilia.

(c) Bangi

Kemikali ya bangi inayolevya huitwa kwa kifupi THC. Ilitambuliwa vizuri mwaka 1964 huko Israeli na Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni. Mwaka 1992 kundi la Mechoulam liligundua mjumbe wa asili ambaye kufuli ni lake, wakampa jina anandamidi, kutokana na neno la Kihindi cha kale lenye maana ya furaha. Tena ni mwizi na ufunguo unaofanana.

Makufuli hayo ni mengi katika sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu. Ndiyo sababu kijana anayevuta anasoma ukurasa na haukumbuki. THC hukaa katika mafuta ya mwili. Kwa mvutaji wa kila siku huchukua wiki kadhaa kutoka. Ubongo wa kijana unaendelea kujengwa hadi umri wa miaka kama 25, na bangi katika miaka hiyo huongeza hatari ya kuchanganyikiwa akili: kusikia sauti, kudhani watu wote wanamfuata. Kwa kijana aliyekwisha kuona vita, hofu hiyo ni petroli juu ya makaa. Wazazi wasikubali maneno kwamba bangi ni majani tu kwa sababu Mungu aliyaumba. Aliumba pia mihogo michungu, na kila mama anajua lazima iloweshwe kabla ya kuliwa.

(d) Mairungi, au miraa

Majani haya hulimwa sana Meru nchini Kenya na huko Ethiopia. Yana kathinoni, ndugu wa karibu wa dawa ziitwazo amfetamini. Kathinoni huharibika siku mbili hivi baada ya kuchumwa, ndiyo sababu mafungu hufunikwa kwa majani ya mgomba na magari yake hukimbia sana. Inamwaga dopamini na kuongeza mapigo ya moyo. Mtu anasema maneno mengi, hasikii njaa wala usingizi. Madereva na walinzi wa usiku huipenda kwa hiyo. Lakini nguvu ile haikuletwa na majani. Ni akiba ya kesho iliyotumiwa leo. Kesho yake huja huzuni, hasira na uchovu, na wengine huongeza pombe au vidonge ili walale. Hapo madeni yanakuwa mawili.

(e) Vidonge vya maumivu na vya usingizi, na heroini

Tramadoli, kodeini, mofini na heroini ni ukoo mmoja. Zote zinatumia makufuli ya endofini. Katika mkono wa daktari ni rehema kubwa kwa aliyevunjika mguu au mwenye saratani. Msamaria Mwema naye alimimina mafuta na divai katika vidonda. Kinachofanya rehema igeuke sumu ni kiasi, muda, na kukosa msimamizi. Heroini yenyewe iliuzwa na kampuni ya Bayer tangu mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi, kabla madhara yake hayajajulikana.

Makufuli haya yapo pia katika shina la ubongo, mahali panapoamuru kupumua. Dawa ikizidi, mtu analala, midomo inakuwa ya bluu, pumzi inapungua na kukoma. Tramadoli ina hatari ya ziada: ikizidi huleta degedege, ambayo watu huweza kudhani ni kifafa au pepo. Vidonge vya usingizi kama Valium hufanya kazi kwenye ile breki ya GABA, sawa na pombe. Kwa hiyo vidonge na pombe pamoja ni breki juu ya breki, na wengi hawaamki. Msinunue dawa hizi sokoni kwa kuhesabu vidonge mkononi.

(f) Gundi na petroli

Watoto wanaovuta gundi husema inaondoa njaa, na njaa ni ya kweli. Mvuke wake huyeyuka katika mafuta, na ubongo una mafuta mengi. Unaharibu neva, na huweza kusimamisha moyo ghafla, hata siku ya kwanza. Mtoto akikutwa anavuta asikimbizwe wala kutishwa ghafla, maana mshtuko na mbio ndivyo vinavyoweza kuuangusha moyo huo. Aitwe kwa upole, apelekwe penye hewa, kisha ale.

4. ONYO KWA SISI TUNAOOMBEA

Hapa ndipo somo linapogusa kanisa. Katika makanisa mengine, mlevi akitubu hufungiwa katika chumba cha maombi siku tatu au saba, bila chakula wala maji, ili apate ufunguo wa kutoka utumwani. Nia ni njema. Lakini tuangalie ndani ya mwili.

Kwa mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka, ubongo umeongeza nguvu ya glutamati ili kushindana na breki. Ukiondoa pombe ghafla, breki imekwenda na mafuta yamebaki yamefunguliwa yote. Saa 6 hadi 24 za kwanza anatetemeka, anatoka jasho, anatapika. Kabla ya siku mbili kwisha anaweza kupata degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu au watu wasiokuwapo, akapiga kelele, homa ikapanda. Wanaomzunguka wanasema pepo limejidhihirisha, wanamshika kwa nguvu na kuongeza mfungo. Lakini mtu huyo anaweza kufa. Hatakuwa ameuawa na pepo, bali na kuachishwa pombe bila matibabu, na kukosa maji na chakula.

Kwa hiyo nawasihi wazee, mashemasi na viongozi wa vikundi: mtu anayekunywa kila siku, anayetetemeka asubuhi mpaka aonje kikombe, asifungiwe na asifungishwe. Apelekwe kituo cha afya kwanza, na sisi tumfuate na maombi. Huko hupewa dawa za kutuliza kwa kipimo kinachopunguzwa siku kwa siku, na vitamini B1, kwa sababu ulevi huikausha na ubongo huharibika ikikosekana. Kesi ngumu hupelekwa hospitali kubwa. Hapa Uganda, hospitali ya taifa ya Butabika mjini Kampala ina kitengo cha walevi na watumiaji wa dawa za kulevya.

Utauliza: Mchungaji, je, imani iko wapi? Someni 1 Wafalme 19. Eliya mkimbizi alilala chini ya mti akaomba afe. Malaika hakuanza na mahubiri, wala hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Sauti ya utulivu ilikuja baadaye, mlimani. Mungu alihudumia mwili kwanza, kisha akazungumza na moyo. Kwenda kituo cha afya si kukosa imani.

Neno moja zaidi kwa waliokwisha kuacha vidonge au heroini. Baada ya wiki chache mwili umesahau uzoefu wake. Akirudi na kuchukua kiasi kile cha zamani, kinaweza kumuua. Aliyeacha na kuanguka asifichwe kwa aibu. Aangaliwe usiku huo.

5. MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Moja: Zungumza naye asubuhi akiwa hajanywa. Maneno ya usiku hayashiki, maana kumbukumbu iko chini ya breki.

Mbili: Usimpe fedha mkononi. Mpe chakula, sabuni, nauli ya kituo cha afya pamoja na mtu wa kumsindikiza.

Tatu: Mama na watoto wanaopigwa wasiambiwe wavumilie tu. Wahamishwe kwa ndugu au jirani usiku huo, na wahudumu wa ulinzi waarifiwe. Kumpenda mlevi si kumpa mwili wako aupige.

Nne: Aliyeacha apewe kazi na watu. Makufuli ya furaha yanarudi polepole, kwa miezi. Jembe, useremala, kwaya, mpira na kunywa uji na wenzake ndivyo vinavyomfundisha mwili furaha ya kawaida tena. Akianguka mara moja, tusianze kuhesabu tangu sifuri.

Tano: Anayepika kanyanga naye ni muumini wetu mara nyingi, mjane anayetafuta karo. Kumtenga bila kumtafutia njia nyingine ya riziki ni kumhamisha tu mtaa. Kikundi cha akiba na mikopo kimfikirie kwanza.

Tukumbuke Shemu na Yafethi. Hawakusema baba hajalewa, wala hawakwenda sokoni kumtangaza. Walibeba nguo wawili pamoja, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Mlevi wa nyumba yako anahitaji watu wawili wa namna hiyo, mmoja wa maombi na mmoja wa kituo cha afya. Kama mtu mmoja anaweza kuwa yote mawili, Bwana asifiwe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Paulo anasema katika 1 Wakorintho 6:12 hataki kutawaliwa na kitu chochote. Ni kitu gani hapa makazini kinachotawala watu bila wao kukiita kileo?
2. Katika Mithali 23:29-35, tafuteni dalili tano za pombe, na mueleze kila moja inatokea sehemu gani ya mwili.
3. Kikundi chenu kikiletewa ndugu anayekunywa kila siku, mtafanya nini saa ya kwanza? Nani atamsindikiza?
4. Vijana wetu wana furaha gani nyingine ya kuwaita? Kikundi kianze na nini mwezi huu?

MAOMBI

Tuwaombee walionaswa, kwa majina, lakini kimya. Tuwaombee wake, waume na watoto wao. Tuwaombee wahudumu wa afya wanaofanya kazi kwa dawa chache. Tuombe nasi tupewe mikono ya kufunika na midomo isiyotangaza.

Bwana awabariki na kuwalinda, ninyi na nyumba zenu.

Ndimi ndugu yenu na mchungaji wenu katika Kristo.